Vijana wangu wanabanwa na swali la "vitabu saba", nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasimamia darasa la vijana parokiani kwetu huku Mbagala. Wengi wanasoma au wanafanya kazi na walokole na Wasabato, na kila wiki wanarudi na maswali yaleyale, Biblia yenu nani kaiongezea vitabu saba, papa kapewa mamlaka na nani, mbona hayo hayamo kwenye Biblia. Nikiwapa mistari wanaikariri, wakifika mtaani wanajibiwa kwa mistari mingine wanabaki kimya. Sasa kikundi kimoja cha maombi kimewaalika kwenye mdahalo na wao wanataka kwenda. Nifundisheje, na niwaruhusu waende?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa moyo, manake kukaa na vijana Jumapili mchana baada ya misa ya tatu, joto la Mbagala lile, njaa inauma, halafu uwaeleze habari za Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu wa karne ya 16), sio kazi ndogo.

Hao vijana mistari wanayo mingi tu, shida yao ni kwamba wanajibu swali la pili kabla ya la kwanza. Vitabu ni 73 au 66, hilo ni la pili. La kwanza ni nani mwenye haki ya kusema kitabu hiki ni Neno la Mungu na kile sio. Ukiliruka hilo mtarushiana mistari mpaka magharibi, na mwenye sauti kubwa ndo ataonekana kashinda.

Kwa hiyo Jumapili ijayo usiwape mstari hata mmoja. Leta Biblia mbili, ya Union Version wanayotumia wenzao na ya kwetu ya Kikatoliki, zifungue zote mbili pale mwanzoni kwenye ukurasa wa yaliyomo, wape kazi ya kuhesabu kwa kidole. Agano Jipya watakuta 27 huku na 27 kule, hapo hakuna ugomvi na ni vizuri waone hakuna ugomvi. Agano la Kale watakuta 39 na 46. Waandike ubaoni vilivyozidi, Tobiti, Yudithi, Wamakabayo wa kwanza na wa pili, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, halafu vile vipande vya Esta na Danieli ambavyo watu wengi wanavisahau. Wakimaliza uliza, huu ukurasa wa yaliyomo nani kauandika? Isaya? Paulo? Waache wahangaike kidogo. Kisha waambie watafute mstari unaosema vitabu vya Biblia ni 66, hawataupata, halafu (na hapa walimu wengi wa kwetu wanaruka makusudi) watafute unaosema ni 73, huo nao hawataupata. Orodha yote, ya kwao na ya kwetu, haimo ndani ya kitabu chochote kati ya hivyo. Imetoka mahali. Hapo ndo somo la mamlaka ya Kanisa linapoanzia, kijana akiwa anaona kwa macho yake kwamba hata mlokole anayesema "mimi naamini Biblia tu" kapokea orodha mkononi mwa watu waliomtangulia.

Atakayetoa 2 Timotheo 3:16, kila andiko lenye pumzi ya Mungu lafaa kwa mafundisho, vijana wamkubalie tena kwa furaha, sisi tunaamini hivyohivyo. Ila mstari unasema andiko lafaa, hausemi lafaa peke yake, na wala hautaji majina ya vitabu. Wakishasema hivyo basi wanyamaze, hamna haja ya kupiga makofi.

Sasa Jumapili ya pili nenda Matendo ya Mitume sura ya 15, na hiyo ningekuomba uisome taratibu darasa zima maana ndo sura ninayoipenda kuliko zote kwenye mada hii. Watu wametoka Uyahudi wamefika Antiokia wanafundisha kwamba asiyetahiriwa haokoki. Waulize vijana, je hao watu walikuwa na Maandiko upande wao? Wataguna. Waambie wafungue Mwanzo 17, mstari wa 13 na 14, agano la tohara ni la milele na asiyetahiriwa atakatiliwa mbali na watu wake. Kwa hiyo ukienda kwa mistari mitupu, waliokuwa wanadai tohara walikuwa na mstari mzuri kuliko wa Paulo! Agano Jipya lenyewe lilikuwa bado halijawa kitabu cha kumfungulia mtu. Wakafanyaje? Hawakugawanyika kila mtu aanzishe kanisa lake la pale Antiokia. Walituma watu Yerusalemu kwa mitume na wazee, wakajadiliana sana, Petro akasimama akasema, mkutano ukanyamaza, Paulo na Barnaba wakaeleza waliyoyaona, Yakobo akanukuu nabii Amosi na kutoa shauri, kisha ikaandikwa barua yenye yale maneno ya kutisha, ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi. Roho Mtakatifu na sisi! Sura ya 16 mstari wa 4 Paulo anapita mji kwa mji anawapa watu zile amri wazishike, hawapi maoni ya kwenda kuyafikiria. Kijana akiishika hiyo sura hata akisahau mistari mingine yote ana kitu cha kusema.

Watajibiwa kwamba wale walikuwa mitume na mitume wamekufa. Swali zuri na lina haki ya kujibiwa. Mpeleke Matendo 1, nafasi ya Yuda inajazwa na Mathia, mpeleke 2 Timotheo 2:2 Paulo anamwambia Timotheo aliyoyasikia awakabidhi watu waaminifu watakaofundisha na wengine, na Tito 1:5 anaagizwa aweke wazee katika kila mji. Kisha toka nje ya Biblia kidogo, hapa vijana huwa wanachangamka kwa sababu hawajawahi kusikia. Mwishoni mwa karne ya kwanza Klementi wa Roma anawaandikia Wakorinto waliowafukuza wazee wao, anawakumbusha kwamba mitume waliweka utaratibu ili wakifa wao wengine wapokee huduma. Kama mwaka 107 hivi Ignasi askofu wa Antiokia, akiwa anapelekwa Roma kuuawa, anaandikia watu wa Smirna kwamba alipo Yesu Kristo ndipo lilipo Kanisa Katoliki. Na Ireneo wa Lyon mwaka 180 hivi, akibishana na wazushi waliodai wana mafundisho ya siri, anawawekea majina ya maaskofu wa Roma mmoja baada ya mwingine tangu mitume mpaka siku zake. Wazushi wale nao walikuwa na maandiko yao, ndo maana hakuona inatosha kuwatupia mistari.

Petro na papa usimalize nao muda, Mathayo 16:18-19 pamoja na zile funguo za Isaya 22:22, Luka 22:32, Yohana 21:15-17, inatosha kwa kuanzia. Wataletewa Wagalatia 2:11 Paulo alipomkemea Petro mbele ya watu, wasiogope, Petro pale alikemewa kwa mwenendo, alikuwa anakwepa kula na wasio Wayahudi. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba papa hatendi dhambi. Fundisho la papa kutokukosea anapotangaza rasmi fundisho la imani lilitangazwa 1870 na lina masharti yake makali, na tangu hapo papa aliyelitumia waziwazi kutangaza fundisho la imani ni Pio XII mwaka 1950, kuhusu Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Kwa hiyo papa akiongea na waandishi kwenye ndege sio Mtaguso, vijana walijue hilo mapema.

Kuna sentensi moja ambayo nakuomba uifute kabisa darasani kwako, "Kanisa Katoliki ndilo lililoitunga Biblia". Naisikia kila kona, hata kwenye semina, na mlokole aliyesoma kidogo ataikamata hapohapo, aulize kwa hiyo Kanisa liko juu ya Neno la Mungu? Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, 1870 hiyohiyo, ulisema kinyume chake, kwamba Kanisa linavishika vitabu hivi kuwa vitakatifu kwa sababu vimeandikwa kwa uvuvio wa Roho Mtakatifu, Mungu ndiye mtunzi wake, na vikakabidhiwa kwa Kanisa. Havikuwa vitakatifu kwa sababu Kanisa limevipitisha. Na Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa pili wa Vatikano ya 1965, namba 10, inasema mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia. Mimi nikiwaeleza vijana nawaambia ni kama RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi, na cheti cha kuzaliwa, RITA hawamzai mtoto, wanaandika kwamba kazaliwa na nani, ila siku ya kwenda kumwandikisha shule ndo utajua kwa nini cheti kinatakiwa.

Haya sasa vitabu saba. Anza na masikio yao, usianze na mitaguso. Waulize harusi ya mwisho waliyohudhuria kanisani somo la kwanza lilikuwa lipi, kuna uwezekano mkubwa mmoja atakumbuka Tobiti, ile sala ya Tobia na Sara usiku wa ndoa yao, sura ya 8. Msibani? Hekima sura ya 3, roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Sikukuu ya Familia Takatifu ile baada ya Krismasi? Yoshua bin Sira sura ya 3, kumheshimu baba na mama hata akili zikimpungua uzeeni. Na wanaosali Masifu ya Asubuhi siku za Jumapili wanaimba wimbo wa vijana watatu kwenye tanuru, ambao kwenye Danieli ya Union Version haumo. Yaani wamekulia ndani ya hivi vitabu bila kujua ndo vinavyogombaniwa. Hii sio njia ya kuwachekesha tu, ndo historia yenyewe ilivyokwenda. Mtaguso wa Karthago mwaka 397, ukifuata ule wa Hipo wa 393, ulipotoa orodha ulikuwa unajibu swali la ibada, kitu gani kisomwe kanisani kwa jina la Maandiko matakatifu na kipi kisisomwe, na vitabu hivi vimo kwenye orodha ile. Askofu mmoja wa huko Afrika ya Kaskazini, Augustino wa Hipo, kaviorodhesha pia kwenye maandishi yake. Waafrika wenzetu hao, sijui kwa nini hatuwataji zaidi!

Kwa hiyo yule anayesema "mliongeza vitabu Trento mwaka 1546 kumjibu Luther", yule Mjerumani aliyeanzisha Uprotestanti, ajibiwe kwa tarehe tu. Karthago 397. Mtaguso wa Firenze 1442, orodha ileile, na Luther kazaliwa 1483. Trento haikuleta kitabu kipya, ilifunga mjadala.

Ila useme pia kwamba mjadala ulikuwepo, tafadhali usiufiche. Yeronimo aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini alikuwa na mashaka navyo kwa sababu havikuwa kwenye Biblia ya Kiebrania aliyoijua. Atanasi wa Aleksandria, ambaye barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 ndo ya kwanza tuliyonayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo leo, kwenye Agano la Kale aliviweka vingi kati ya hivi pembeni, vya kusomwa na wanaoanza imani, na hata Esta kaiweka huko. Kardinali Kayetano, huyo huyo aliyetumwa kumhoji Luther, alikuwa upande wa Yeronimo. Josefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anahesabu vitabu 22 tu. Kijana akiyasikia haya kwako kwanza hayatamtikisa, akiyasikia mara ya kwanza kwa mtu wa mdahalo atadhani mlimdanganya. Na kumbe mashaka hayo yanaisaidia hoja yetu, kama watakatifu wakubwa na wasomi walitofautiana basi usomi na utakatifu wa mtu mmoja mmoja haukutosha kuimaliza kazi, ilibidi Kanisa liseme.

Sasa kuna nondo tatu ambazo watu wetu wanazipenda na mimi ningezitupa. Ya kwanza ni ile ya Wayahudi kukutana Yamnia, mji wa Palestina, mwaka 90 na kuviondoa vitabu ili kuwakomoa Wakristo. Hiyo nadharia ya mkutano wa Yamnia ni ya karne ya 19 na wasomi wengi wameshaiacha, hamna ushahidi wa mtaguso wa namna hiyo uliofunga orodha. Ya pili, kwamba Luther alivichana vitabu. Biblia yake ya Kijerumani ya 1534 ilivibeba, aliviweka sehemu yake katikati ya maagano mawili na kuandika kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu lakini ni vizuri kusomwa. Hata Biblia ya mfalme James ya 1611 ilikuwa navyo. Kupotea kabisa mikononi mwa watu kulikuja sana sana baada ya 1826, Chama cha Biblia cha Uingereza kilipoamua kutogharamia tena uchapaji wake. Jirani zetu ni Walutheri, toka kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu mpaka kanisa lao la Azania Front ni mwendo wa miguu tu, hatuna sababu ya kumsingizia baba yao jambo ambalo hakulifanya wakati ya kweli yanatosha. Kwenye mdahalo wa Leipzig 1519 Luther alipowekewa 2 Wamakabayo 12 kuhusu kuwaombea marehemu, alijibu kwamba kitabu hicho hakimo kwenye kanoni, yaani orodha rasmi ya vitabu vya Biblia, na hapo ndo unaona jinsi swali la vitabu na swali la mafundisho yanavyokwenda pamoja. (Ukiwasomea sura hiyo wasomee yote, Yuda Makabayo, kiongozi wa vita wa Wayahudi, anakuta wanajeshi wake waliouawa walikuwa wamevaa hirizi za sanamu za Yamnia chini ya nguo, anachangisha drakma 2,000 anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Vijana wa Mbagala hirizi wanaijua, hawataisahau.)

Nondo ya tatu ni kusema vitabu hivi ni vya kweli kwa sababu Agano Jipya linavigusa. Ni kweli linavigusa, Waebrania 11:35 inafanana sana na mashahidi wa 2 Wamakabayo 7, na ile sikukuu ya kutabaruku ambayo Yesu yuko hekaluni Yohana 10:22 chanzo chake kimesimuliwa 1 Wamakabayo 4. Lakini kipimo hicho kinakata pande zote, barua ya Yuda inanukuu kitabu cha Henoko ambacho sisi hatunacho na ndugu zetu wa Kanisa la Ethiopia wanacho, wakati Esta hainukuliwi popote. Tumia mifano hiyo kuonyesha kwamba Wakristo wa kwanza walivijua na kuviheshimu, usiifanye ndo ushahidi wa uvuvio. Wakileta Luka 24:44, Torati na Manabii na Zaburi, waambie vijana wakiri kwamba hiyo ni hoja nzito, kisha waseme kwamba mstari unataja mafungu bila kutoa orodha, na marabi wenyewe baadaye walikuwa bado wanabishania Mhubiri na Wimbo Ulio Bora. Na pale Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, kwenye mapango yaliyoanza kugunduliwa 1947, vipande vya Tobiti vimepatikana kwa Kiaramu na Kiebrania na vya Yoshua bin Sira kwa Kiebrania, kwa hiyo ile kauli kwamba hivi ni vitabu vya Wagiriki tu haisimami.

Swali gumu kuliko yote hawajaulizwa bado ila litakuja: mnasema Kanisa linathibitisha Biblia, halafu mnathibitisha Kanisa kwa Biblia, si mnazunguka mle mle? Jibu liko kwenye mpangilio. Hatua ya kwanza tunazisoma Injili kama ushuhuda wa kihistoria tu, kama tunavyosoma maandishi mengine ya kale, hatujasema bado kwamba zimevuviwa. Kutokana na ushuhuda huo tunamwona Yesu aliyesulubiwa na kufufuka, aliyekusanya mitume na kuwapa mamlaka ya kufundisha kwa jina lake. Ndipo jumuiya hiyo, yenye ahadi yake, inatuambia hivi ndivyo vitabu vilivyovuviwa. Tumeanzia chini tukapanda. Wafanyie mazoezi ya hili mpaka waweze kulisema kwa maneno yao, kwa Kiswahili cha mtaani, bila karatasi.

Na mazoezi yenyewe yawe hivi, chagua kijana mmoja mjanja awe mlokole kwa nusu saa, abishe kwa nguvu zote, na wewe umsaidie yeye, usiwasaidie wa kwetu. Wengine wakianza kumzomea simamisha. Asiyeweza kueleza hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akasema "ndiyo, hicho ndicho ninachoamini" huyo hajawa tayari kuijibu.

Mdahalo sasa. Usiwakatalie, wataenda kimyakimya. Ila usiende na darasa zima na usikubali ule mtindo wa mkutano wa hadhara na spika mbili zinazotazamana, pale hakuna anayesikiliza. Waombe wenzenu mkutane ukumbini au hata kwenye baraza la mtu, watu wachache kila upande, swali moja tu liandikwe mapema na pande zote zilikubali, na mimi ningependekeza liwe lile lile, orodha ya vitabu vya Biblia tumeipata wapi. Kila upande upewe dakika sawa na mtu wa kushika saa asiwe wa kwenu. Mkiulizwa msichokijua kijana aseme "hilo sina jibu, nakuletea Jumapili", achukue namba ya simu, na Jumapili uhakikishe kweli kalipeleka.